Kijiti cha Tenki Lililolala

Ninyi mafundi niliowaachia karakana ya Kitaji hapa Musoma mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Nimekubali, ila msitegemee niwaambie nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo. Cheo nilijipa mwenyewe. Niliishia darasa la nne, na kati ya Bunda na Musoma sijui tenki kubwa la chuma ambalo mkono wangu haukuligusa. Kama sikulichomelea, nililiziba. Kama sikuliziba, nililichongea kijiti cha kupimia. Hayo nayasema kifua mbele. Aibu yangu iko kwenye vijiti, na ndiyo hasa iliyonikalisha niandike, kwa hiyo nivumilieni nifike huko.

Nilianzia Bunda kwa Mzee Shabani, fundi wa matenki na mapipa, mtu mfupi mwenye ndevu za hina na maneno machache. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa mashine ya kuchomelea. Alinipa debe la lita ishirini, akanionyesha tenki jipya lililolazwa juu ya vyuma kama pipa lililolala ubavu, akasema, "Mimina."

Nikamimina maji. Kila debe likiingia, mzee anatumbukiza kijiti cha mti alichokipaka chaki ili maji yaache mstari. Anakitoa, anaangalia mstari ulipoishia, anakata alama kwa msumeno mdogo. Debe lingine, alama nyingine. Kufika alasiri mabega yangu yalikuwa yamekufa, na tulikuwa bado kwenye tenki lile lile.

"Mzee," nikamwambia, "kwa nini tusipime urefu wa tenki tukaugawa sawasawa? Debe si ni lile lile?"

"Debe ni lile lile. Tenki unalijua?"

"Tenki si hili hapa?"

"Mimina, mwanangu."

Mzee Shabani alijua vitu kwa mikono, kuvieleza hawezi, na mimi nilikuwa mtu wa kuamini kilichoelezwa tu. Tena alama zake zilinichekesha. Kwenye tenki lililolala, alama za chini zilikuwa zimeachana, za katikati zimebanana, za juu zimeachana tena. Nikaamua kwamba mzee mkono unamtetemeka. Sikuamua kimoyomoyo tu, niliwaambia na wenzangu, tukacheka naye yuko msikitini.

Nilipohamia Musoma kufungua karakana yangu nilikuja na dawa ya mtetemeko huo: kamba. Naipima ndani ya tenki kutoka juu hadi chini, naikunja mara moja inakuwa nusu, mara mbili robo, mara tatu sehemu ya nane. Naiweka juu ya kijiti, nakata alama nane zilizo sawa kama meno ya kitana. Nusu saa, kazi imekwisha. Wateja walinipenda. Walikuwa wananiitaga Fundi Nusu Saa, na mimi nilikuwa najiita hivyo hivyo hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza jina.

Na kazi ilikubali, msidhani nilikuwa mjinga tangu mwanzo. Matenki mengi ya miaka ile yalikuwa ya maji, yamesimama wima. Kuna moja la shule kule Buhare, mwalimu wa zamu hakuniamini, akamimina ndoo kumi, akapima, akamimina kumi nyingine, akapima. Maji yalipanda sawa na ya mara ya kwanza. Akanishika mkono. Tenki lililosimama kuta zake zinakwenda juu bila kupanuka wala kubanwa, kila ndoo inayoingia inakuta upana ule ule, inapanda kimo kile kile. Kwa tenki la namna hiyo kamba haikosei, na leo nawaambia endeleeni kuikunja.

Halafu yakaja matenki ya dizeli, ambayo wengi huyalaza juu ya stendi ili mafuta yateremke yenyewe kwenda kwenye injini. Tenki likalala, mimi nikaendelea na kamba ile ile. Hakuna aliyenilazimisha. Sikufikiri tu.

Ndipo nikaitwa Mugango. Wavuvi walikuwa wameunda ushirika na kununua mashine ya barafu ya kuhifadhia sangara na sato, inayoendeshwa kwa injini ya dizeli. Nikawachomelea tenki la debe mia moja, limelala, halina hata kovu. Nikawachongea kijiti. Siku ya kulijaza niliwaita wanachama wote waone. Kwanza nikatumbukiza kijiti tenki likiwa tupu: hakuna kitu. Tukamimina debe hamsini, nikatumbukiza: mafuta yamegusa alama ya katikati, hayakuzidi hata unene wa ukucha. Tukamimina hamsini nyingine: alama ya juu kabisa.

"Tupu, nusu, na kujaa," nikawaambia. "Mashahidi watatu. Mahakama gani inataka zaidi?"

Wakapiga makofi. Makofi yale nayasikia mpaka leo, na si kwa raha.

Injini alikabidhiwa Mafuru, mtu mpole wa palepale Mugango, mwimbishaji wa kwaya ya kanisani kwao. Kabla tenki halijaja alikuwa ameiendesha injini kwa kumimina kwa debe, majuma mawili, na kila mtu alijua inakunywa debe mbili kwa siku, haizidi wala haipungui, maana mzigo ni ule ule na saa ni zile zile. Siku tano, debe kumi. Siku kumi, debe ishirini. Hilo halikuwa na mjadala.

Siku ya kumi mwenyekiti wa ushirika akapima. Kijiti kikasema robo nzima ya tenki imekwisha, yaani debe ishirini na tano. Debe tano, lita mia moja, hazijulikani ziliko. Nikapigiwa simu nije, kama bingwa.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kupimia samaki. Mafuru amesimama.

"Nimewasha siku kumi," akasema. "Zimetumika debe ishirini. Labda tenki linavuja."

Hapo ndipo aliponigusa. "Tenki langu livuje? Mura, kijana wangu, hata jasho halitoi!"

Watu wakacheka.

"Basi ni kijiti, fundi."

"Kijiti changu hakina ndugu wala shemeji hapa Mugango. Kinasema kilichoona."

"Fundi, nakuomba," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Tuyatoe haya mafuta yaliyobaki, tuyamimine upya debe kwa debe, tuhesabu."

"Niliyamimina mbele yenu wote. Sasa unataka niwamiminie na chai?"

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akanyoosha mkono, Mafuru akaweka ufunguo wa chumba cha injini mkononi mwake. Sikumtazama usoni. Nilikuwa natazama kama wananitazama mimi.

Kuanzia siku hiyo kule mwaloni, samaki wanakoshushwa, walimbatiza jina la Debe Tano. Watoto walimfuata nalo njiani. Jumapili kwaya ilipotaka kuanza akina mama wa sauti ya kwanza wakanyamaza, hawakutaka kuimbishwa na mwizi, na yeye akafunga kitabu chake akaenda kukaa benchi la nyuma. Jumapili iliyofuata hakuja. Mwezi haukwisha, akafunga mizigo na mke wake wakahamia upande wa Butiama kwa wajomba zake, kulima mihogo, mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye maji.

Injini akapewa Nyabise, binti aliyemaliza kidato cha nne, mkali wa maneno na mwaminifu kuliko mizani. Kila asubuhi alikuwa anapima, anaandika, halafu anaweka kitone kwenye daftari la hesabu lenye vyumba vyumba: siku zinakwenda kulia, alama za kijiti zinakwenda juu. Nilimwona nalo nikamwambia, "Shule ulishamaliza, dada." Akasema, "Nilimaliza mtihani."

Siku ya ishirini na tano akanipigia.

"Shikamoo, fundi. Zile debe tano zimerudi."

"Zimerudi vipi?"

"Injini imekunywa debe hamsini tangu tujaze. Kijiti nacho kinasema zimetoka hamsini. Hakuna kilichopungua. Wananisifu, eti najua kubana injini. Mimi sijabana kitu."

"Mafuru ameogopa, amerudisha."

"Amerudishaje, ufunguo ninao mimi? Naye yuko Butiama?"

Nikamwambia aache kuchezea karatasi.

Siku ya arobaini akanipigia tena. Sasa kijiti kilisema zimebaki debe ishirini na tano, wakati kwa hesabu ya injini zilitakiwa kubaki ishirini. "Fundi, hii dizeli inazaa humo ndani?" Nikacheka, nikakata simu. Mwenyekiti yeye aliamini kijiti, akawaahidi wenye samaki barafu ya siku zaidi. Injini ikazima kabla siku alizoahidi hazijaisha, na sangara wengi wakaharibika mwaloni. Nilipoulizwa nikasema injini mpya zinakunywa sana mwishoni. Niliongea kwa sauti ya kujiamini, na mtu mwenye sauti hiyo haulizwi mara mbili.

Wakajaza upya. Siku kumi baadaye Nyabise alikuja mwenyewe Kitaji, hakupiga simu. Akasimama mlangoni mwa karakana, daftari kwapani.

"Fundi, leo Debe Tano ni mimi."

"Nini tena?"

"Nimewasha siku kumi. Kijiti kinasema zimetoka debe ishirini na tano. Sijaiba. Mwenyekiti bado sijamwambia, nimekuja kwako kwanza. Angalia."

Akafungua daftari juu ya meza ya grenda. Alikuwa amechora mstari mmoja kwa rula, umenyooka unashuka taratibu. "Huu ni wa injini. Kila siku debe mbili, hatua zake ni sawa, ndiyo maana umenyooka. Sasa hivi vitone ni vya kijiti chako. Kama kila alama yako ni mafuta sawa, na vyenyewe vingekaa juu ya mstari. Havikai. Mwanzoni vinaporomoka, katikati vinashuka kivivu, mwishoni vinaporomoka tena. Mzunguko wa kwanza hivyo, wa pili umeanza hivyo hivyo. Mwizi gani anaiba kwa mpango huo, fundi, tena anabadilishwa mtu yeye anabaki?"

"Katikati je? Siku ile ya nusu si iligusa sawa?"

"Inagusa. Tupu inagusa, kujaa inagusa, nusu inagusa. Ulipima sehemu tatu, na hizo tatu ndizo pekee ambazo huo mpindo unakutana na mstari. Ungepima robo tu, ungeona."

Nikamwambia nitaangalia. Alipoondoka nikafunga mlango mchana kweupe, nikalaza pipa la lita mia mbili chini, nikatoboa ubavuni tundu la kupitisha kijiti, nikamimina ndoo za lita kumi kumi. Kijiti, chaki, alama. Ndoo ya kwanza ilipandisha maji sana, kwa sababu chini kabisa pipa lililolala ni jembamba, maji hayana pa kutandaa. Kadiri yalivyopanda pipa lilipanuka, na ndoo ile ile ikawa inapandisha kidogo tu. Kupita katikati likaanza kubana tena, maji yakaanza kupanda haraka. Ndoo ya ishirini nilipoiweka alama nikakiinua kijiti kwenye mwanga. Chini zimeachana, katikati zimebanana, juu zimeachana.

Mzee Shabani alikuwa ameshazikwa. Mkono wake haukuwahi kutetemeka.

Sasa hapa ninyi mnaoanza kazi mshike. Msiulize kitu kina umbo gani la kupendeza, ulizeni: nikiongeza kiasi kile kile, kinapanda hatua ile ile? Ongezeni, pimeni, ongezeni tena, pimeni. Hatua zikiwa sawa kuanzia chini hadi juu, mstari umenyooka, gawanyeni mnavyotaka. Hatua zikitofautiana, mstari umepinda, na hapo hakuna kukunja kamba, ni kumimina tu. Tenki lililosimama limenyooka. Lililolala limepinda. Lenye umbo la faneli limepinda. Pimeni sehemu nyingi, tena zile za pembeni ambazo hamna hamu nazo, robo na sehemu ya nane, maana vitone vitatu vinaweza kukaa mstari mmoja juu ya kitu kilichopinda kabisa. Na mkiona hesabu inapungua, halafu inarudi, halafu inazidi, kwa mpangilio ule ule kila mzunguko, msitafute mwizi. Tafuteni kipimo.

Hayo niliyajua jioni ile. Nilichofanya baada ya kuyajua ndicho kinachonifanya niinamishe kichwa ninapoandika.

Nilikwenda Mugango na kijiti kipya, nilichokichonga kwa kumimina. Nikamwambia mwenyekiti, "Cha zamani kimevimba kwa dizeli. Mti, unajua tena." Akanishukuru kwa uungwana wa kuja bila kuitwa. Nikashukuriwa! Nyabise alikuwepo, akanifuata hadi nje.

"Na Mafuru?"

"Mambo ya Mafuru ni ya ushirika."

"Fundi, kijiti hakikuvimba."

"Kazi yako iko salama, si ndiyo? Basi."

Akasema kama sitasema mimi, atasema yeye. Na alisema, siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akamjibu kwamba fundi mwenyewe ameeleza: kijiti kilikuwa kizima, kikavimba baada ya miezi, kwa hiyo siku za Mafuru kilikuwa hakijavimba. Mnaona? Uongo wangu ulikaa mlangoni, ukweli wa yule binti ukashindwa kuingia. Nikakaa kimya miaka miwili. Kazi ikinipeleka njia ya Butiama nilikuwaga nachagua barabara nyingine, hata kama ni ndefu.

Macho yalipoanza kukataa moto wa kuchomelea nikaamua kuwaachia ninyi karakana. Mtu akiacha kazi anapewa sifa. Mlinisifu sana ile siku, mkasema fundi hajawahi kukosea kipimo. Wali wenu niliuacha kwenye sahani. Asubuhi yake nikaenda Butiama.

Nilimkuta Mafuru na mke wake wanamenya mihogo chini ya paa la jiko. Akaniletea kigoda kabla sijasema kitu. Nikamweleza yote: pipa, ndoo, alama, kuvimba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alimenya muhogo mpaka mwisho, akautupa kwenye beseni.

"Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza. Nimekuja kukuambia kwamba hukuiba."

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Kawaambie wasiojua."

Mke wake alikisogeza kigoda chake akanipa mgongo.

Nikaomba mkutano Mugango. Mabenchi yale yale. Nikalaza pipa mbele yao, na safari hii sikushika kitu mimi. Nilimpa mwenyekiti kijiti, nikampa Nyabise chaki, wavuvi wakabeba ndoo kutoka ziwani, wakamimina na kukata alama wenyewe. Kando nikaweka kijiti changu cha zamani, chenye alama zake nzuri zilizo sawa. Walipoviweka pamoja mtu mmoja akasema, "Havifanani."

Nikasimama. "Debe tano hazikuibwa," nikasema. "Zilikuwa tenkini siku zote. Kijiti changu ndicho hakikuziona. Aliniomba tumimine upya, nikamcheka, na ninyi mkacheka kwa sababu nilicheka mimi. Halafu nikajua, nikawadanganya kwamba kijiti kimevimba. Mwizi aliyekuwa hapa siku ile ni mmoja, na alikuwa ameshika kamba."

Mafuru alikuwa amekuja, amekaa mwisho wa benchi la nyuma na kofia magotini. Akina mama wawili wa kwaya walikwenda kukaa kushoto na kulia kwake. Mwenyekiti akamletea ufunguo wa chumba cha injini kwa mikono miwili. Mafuru akaukataa taratibu, akasema Nyabise anaiweza kazi kuliko yeye, ila Jumapili atakuja kanisani. Kisha akainuka akaja hadi niliposimama. Nilidhani anataka kunipa mkono, nikautoa wangu.

"Fundi," akasema, "vijiti vingine ulivyopima kwa kamba viko wapi?"

Mkono ukabaki hewani. Miaka yote hiyo nimehesabu matenki yangu kwa kujisifu, Bunda, Butiama, Mugango, Buhare, mpaka vijiji visivyo na jina. Sikuwahi kuhesabu yaliyolala. Nilianza kuyataja pale pale, nikafika saba, nikakwama, naye alikuwa bado amesimama anangoja.

Sasa naamka asubuhi na debe na msumeno, nazunguka. Nimeyafikia matenki kumi na moja. Kwenye mawili nimeambiwa, "Mlinzi wa zamani tulimfukuza, alikuwa anakunywa dizeli." Mmoja wao bado sijampata. Lakini najua nimesahau mengi, na ninyi mnaingia kwenye nyua nisizoingia tena. Mkikuta tenki limelala na kijiti chake kina alama nane zilizo sawa, ni changu. Kivunjeni, mmimine upya, msidai chochote. Halafu kabla hamjaondoka ulizeni nani alikuwa analinda tenki hilo, na kwa sasa anaishi wapi. Andikeni jina lake, mniletee.